Orodha ya michango: WhatsApp au Google Sheets?

Kwenye WhatsApp kila mtu ananakili orodha, anaongeza jina na ahadi yake, kisha anairudisha kundini. Rahisi, hata shangazi kijijini anaiweza. Ila wawili wakinakili kwa wakati mmoja, jina la mmoja linapotea, na aliyetoa elfu hamsini akijikosa ana haki ya kukasirika.

Kwenye Google Sheets, jedwali la mtandaoni la Google, nalo la bure, orodha ni moja tu. Ukiweka SUM, fomula ya kujumlisha, jumla inajirekebisha kila mchango unapoingia. Mweka hazina peke yake apewe ruhusa ya kuhariri, wengine kiungo cha kusoma tu. Kwa harusi au msiba wenye wachangiaji wengi, mimi nachagua Sheets. WhatsApp ibaki ya kukumbushana.