Niliuliza tu: uraka huu umekamuliwa lini?

Swali langu lilikuwa hilo, na nililiuliza kwa adabu. Sikuuliza leseni, sikuuliza bei, sikumuuliza dogo aliyekuwa anauuza kasomea wapi. Nilisimama mbele ya meza yake kwenye lile tamasha la bia za krafti, zile za wapishi wadogo wadogo, na vinywaji vya asili pale Shangani, Mtwara, msimu uliopita, korosho zikiwa bado zinaokotwa huko juu Newala na Tandahimba. Nikashika chupa yake yenye lebo ya kinyago cha Kimakonde, ndonya, lile pambo la mdomo wa juu, na kila kitu, nikasema, "Habari za kazi kijana. Huu umekamuliwa lini?"

Shikamoo hakuna, hiyo nimeshaizoea. Akaniangalia kuanzia kwenye ndala mpaka kwenye kofia. "Mzee wangu, hii ni krafti. Si ile ya kilabuni. Kama huielewi, bia za Safari na Kilimanjaro zipo baa."

Wenzake wakacheka.

Kwa msiotoka Kusini niwaeleze kidogo, maana wengine mtadhani nilienda kutafuta ugomvi. Uraka ni maji ya mabibo, yale matunda ya mkorosho, yaliyochachuka. Bibo likianguka leo, kesho limeshalegea na nzi wamelijua. Kwa hiyo huokotwa mapema, huchomolewa korosho yake, hupondwa, hukamuliwa, na yale maji ukiyaacha yanaanza kazi yenyewe bila hamira ya dukani. Ukinywa mapema ni juisi tu, tamu, inakamata ulimi kwa ule ukakasi wa bibo. Ukiulaza usiku mmoja unatoa mapovu, utamu unapungua, nguvu inaingia. Ukizidi kungoja unakaza, na ukiusahau kabisa unakuwa siki. Umri wake unahesabiwa kwa masaa. Anayeuliza umekamuliwa lini ni sawa na anayeuliza samaki kavuliwa lini, na sijawahi kuona mvuvi akamjibu mteja kwamba haelewi samaki.

Halafu msimu wenyewe mfupi. Mwezi wa tisa au wa kumi unaanza, karibu na Krismasi unaaga, tunarudi kwenye tembo la mnazi na bia za chupa. Anayekuuzia uraka mwezi wa nne anakuuzia kitu kingine. Na wala sizungumzii gongo, maana kuna watakaochanganya makusudi. Kule kwenye mtambo na mvuke ni habari nyingine, na polisi wanaijua.

Basi nikanunua. Ndiyo, pamoja na kuchekwa nilinunua, kwa sababu nilitaka ushahidi. Elfu nane, chupa ndogo ambayo kilabuni kwa hela hiyo ningewanywesha na majirani. Nikaenda pembeni, upande wa baharini, nikazungusha kizibo.

Kimya. Hata "pss" haikusema.

Fikirini wenyewe. Kinywaji kinachoendelea kuchacha ukikifungia kwenye chupa ya kioo na kizibo cha chuma, hewa yake haina pa kwenda. Ukiwa na bahati kitakurukia usoni ukifungua. Ukikosa bahati chupa inapasukia kwenye boksi. Uraka ulio hai, ukafungwa siku mbili kwenye joto la Mtwara, lazima useme neno. Huu ulikuwa maiti. Ama umechemshwa mpaka chachu ikafa, ama ni maji ya bibo yaliyotiwa maji mengine, sukari na ndimu. Mimi naamini vyote viwili. Nilipoonja haukukamata ulimi hata kidogo, na bibo lisilokamata ulimi silijui. Wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu hata kusifiwa hakusubiri.

Kuchemsha si dhambi. Bia nyingi za chupa tunazokunywa hupitishwa kwenye joto ili zikae dukani muda mrefu, na hakuna anayelalamika. Lakini basi sema. Lebo ya huyu bwana imeandikwa "kinywaji hai". Imeandikwa pia "bila kemikali", hapo nikacheka peke yangu kama mwehu. Mikorosho yetu hupulizwa salfa kwa ajili ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, na asiyepuliza anajua atavuna nini. Sisemi salfa imo chupani. Nasema aliyeandika ile lebo hajawahi kusimama chini ya mkorosho mwezi wa saba.

Sasa sikieni kilichonipandisha presha zaidi. Nje ya geti, pale bodaboda wanapoegesha, alikuwepo mama mmoja kutoka Nanyamba na madumu yake mawili na kikombe cha plastiki. Amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, kitenge kimefunika midomo ya madumu, vifuniko vimelegezwa. Huyo aliyelegeza vifuniko anajua anachobeba. Nikamwamkia, akaitikia, nikamuuliza swali lilelile.

"Jana alasiri, baba," akasema, bila hata kufikiri. "Bado mchanga. Ukitaka uliokaza, dumu lile la nyuma, hilo la juzi. Onja kwanza."

Nikaonja. Wa jana ulikuwa bado una utamu, mapovu yanachezacheza puani. Wa juzi ulinikamata ulimi, ukanikamata koo, nikakaa chini. Nikamuuliza mbona hayupo ndani. Akasema aliambiwa meza ni laki na nusu, na kwamba ndani wanataka vinywaji "vilivyofungashwa". Hakulalamika. Nililalamika mimi kwa niaba yake, mlinzi akaniambia nipunguze sauti.

Yaani tamasha la vinywaji vya asili ya Kusini, lililofanyika Kusini, msimu wa mabibo, na mtu pekee niliyemwona anajua siku ya uraka wake amekaa getini na bodaboda. Ndani kuna kinyago kwenye lebo.

Na msiniambie kinywaji cha mabibo hakiwezi kuheshimiwa. Miti hii Wareno ndio waliileta kutoka Brazil, wakaipanda pwani ya Afrika Mashariki na kule Goa, India. Goa wakatengeneza pombe kali ya mabibo inayoitwa feni, ikawa fahari yao, na tangu 2009 jina lenyewe limesajiliwa kuwa la kwao, wa mahali pengine kule India hana ruhusa ya kulitumia. Mti ni uleule. Sisi Mtwara na Lindi ndio nyumbani kwa korosho ya nchi hii, bei ya mnada inatunyima usingizi kila mwaka, lakini bibo lenyewe, ambalo kwa uzito linaishinda korosho yake mara kadhaa, mengi tunayaachia ardhi. Kidogo kinachookolewa wanakiokoa akina mama kama yule. Halafu anakuja mtu na aproni kutufundisha.

Nilitaka kuondoka hapohapo, ila pweza alikuwa anachomwa na elfu kumi na tano ya kiingilio ilikuwa inaniuma. Nikarudi ndani. Pweza mtamu, sina neno. Muziki ulikuwa juu mno, singeli mpaka glasi zinatembea zenyewe mezani. Kulikuwa na tembo la mnazi la asubuhi lililofika jioni likiwa limeshachangamka, muuzaji mtu mzima, anakueleza limegemwa wapi na linaelekea wapi. Kwake nilikunywa kwa amani. Meza za bia kutoka Dar nilizipita haraka. Si mbaya, ila zile chungu sana zenye hopsi nyingi, yale maua ya kutia uchungu kwenye bia, mimi hazinipati, na hopsi zenyewe zinaagizwa nje, joto letu na mchana wetu mfupi haziupendi. Sikuona sababu ya kuja mpaka Mtwara kunywa kilichosafiri kuliko mimi.

Kisha meza ya mwisho kabisa, karibu na vyoo, bila bango la maana, dada mmoja mwembamba ana bomba moja tu la bia. "Shikamoo baba, karibu. Hii ni bia ya bibo."

Nikasema moyoni, yaleyale. Kabla sijafungua mdomo akaendelea mwenyewe: mabibo yalikamuliwa Jumapili, kayaleta mjini siku hiyohiyo kwenye barafu, kayamimina kwenye pipa ambalo bia ya shayiri na mtama ilikuwa imeshaanza kuchacha, hivyo chachu ikapata chakula kipya ikaamka upya. Hopsi kaweka chembe tu. Alisema ule uchungu unaotafutwa kwenye hopsi, bibo linaujazia kwa ukakasi wake.

Jamani. Rangi ya dhahabu yenye ukungu, povu linakaa, na harufu ni ileile ya shambani mabibo yakiwa yameanza kulala chini ya mti. Ulimi ukakamatwa, taratibu, ukaachiwa. Nilikunywa ya kwanza nimesimama, ya pili nikatafuta kiti. Nilimwambia aongeze mtama kidogo, akachukua simu akaandika. Akaandika! Nimekaa na wapika pombe tangu nina meno ya utoto, sijawahi kuonja kitu kinachounganisha kilabu na baa namna ile. Kwa ajili ya glasi hizo nilikuwa tayari kusamehe tamasha zima, dogo na kinyago chake pamoja.

Mpaka nilipofika mlangoni.

Wakati wa kuingia walituchaji elfu tano ya amana ya glasi. "Utarudishiwa ukitoka, baba." Natoka, glasi mkononi, nimeisuuza kabisa bombani, meza ya amana imeshakunjwa. Kabaki mlinzi na kijana wa kuhesabu viti. "Mhusika ameondoka, njoo ofisini Jumatatu." Ofisi ipi? Hajui. Jumatatu hiyo nikaenda mahali walipokuwa wameandika kwenye tiketi, nikakuta saluni. Namba ya simu iliyopo kwenye tiketi inaita mpaka inachoka. Mtu anakuambia hajui uraka umekamuliwa lini, mwenzake hajui hela yako iko wapi, na wote wamevaa aproni ya rangi moja.

Kwa hiyo niwape nyota ngapi? Mwanzo niliandika moja. Nikakumbuka ile bia ya bibo nikafuta, nikaandika nne, maana kwa kweli kama hamjaionja mmekosa. Nikaitazama glasi iliyoko kabatini nikarudi kwenye mbili. Tuiache mbili. Ile ya pili ni ya yule dada peke yake, waandaaji wasiiguse. Mwenye tembo la mnazi naye angestahili nusu, basi iwe mbili na nusu.

Nasikia msimu huu wanarudi, safari hii wanasema watapita na Lindi mjini pia. Mkienda, fanyeni hivi: getini kwanza, kwa mama wa Nanyamba kama bado yupo, onjeni wa jana na wa juzi. Ndani nendeni moja kwa moja mpaka vyooni, geukeni kushoto. Katikati hapo msisimame. Mimi siendi. Labda kama yule dada ameongeza mtama kama nilivyomwambia, hapo nitafikiria, ila kwa glasi yangu mwenyewe, na amana silipi tena, maana elfu tano yangu bado wanayo.