Mtumbwi wa kwanza: wa plastiki, wa mwembe, wa faiba au wa kujaza upepo?

Anayejifunza kupiga kafi hahitaji mtumbwi wa mashindano. Anahitaji unaotulia majini, unaobebeka na watu wawili, na usiozama ukijaa maji.

Nafasi ya kwanza tunaupa wa plastiki wa watu wawili, hata uliokwisha kutumika: urefu mita 4.5 hadi 5, upana sentimita 85 au zaidi. Unagonga mwamba na safari inaendelea. Kero yake ni uzito, kilo 30 hadi 40. Kabla ya kulipa, ugeuze kifudifudi. Mikwaruzo isikutishe, tafuta nyufa kwenye matundu ya skrubu za viti, na upitishe kidole ubavu uliopigwa jua. Kikitoka na unga mweupe, plastiki imechoka. Ufa wake hauzibiki kwa gundi, maana poliethilini haishiki gundi; huungwa kwa moto, na kiungo hakiwi imara kama awali.

Wa pili ni mtumbwi wa mwembe, na pwani hukosi fundi wa kuutengeneza. Pale unapokaa upana usipungue sentimita 60. Mwembamba zaidi utakumwaga ukigeuza shingo tu. Chomeka ncha ya kisu sehemu ya chini, omo (mbele) na tezi (nyuma): ikizama kama kwenye ndizi mbivu, umeoza. Kiraka cha bati kilichopakwa rangi jana, uliza kinaficha nini. Kisha ushusheni majini, mkae wawili kwa nusu saa. Uliokaa juani huvuja kidogo mpaka mti uvimbe. Maji yakizidi kuingia baada ya hapo, achana nao. Ukishaununua, ufunike makuti. Jua la mchana ndilo linaloupasua.

Wa faiba ni mwepesi na una mwendo, ila ugonge kwa sarafu kila mahali: panapoitika kwa sauti ya kufifia, tabaka zimeachana. Kama hauna vyumba vya hewa, funga dumu tupu la lita 20 omo na jingine tezi, vifuniko vimekazwa.

Wa kujaza upepo unashika mkia. Ganda moja la chaza linatosha kuumaliza, na upepo huupeperusha kama mfuko. Ngalawa hatukuipanga; kwa matengo yake, yale maboya ya mbao ya ubavuni, imetulia kuliko yote, lakini ni chombo cha tanga.

Kafi lipime ukiwa umekaa: kutoka kiti hadi puani ndio urefu wa mpini, kabla ya bapa. Fupi hukuinamisha ubavuni, na hapo ndipo wengi hupinduka. Jaketi okozi livae, lifunge, kisha mtu alivute mabegani; likipanda hadi masikioni ni kubwa. Upo wa kufulia maji, hata dumu lililokatwa, ufungwe kwa kamba. Alfajiri upepo wa umande huvuma kutoka bara, hukusukuma nje bila wewe kuhisi, kwa hiyo pita kandokando ya ufuko, kwenye maji ya kiunoni.