Lango la Rainey, Bronx: wanyama wa shaba na mwindaji wao

Nyota nne kati ya tano, na hiyo moja niliyoibania haimhusu mchongaji.

Wageni wengi wa bustani ya wanyama ya Bronx, New York, huondoka bila kuliona lango hili. Ukija kwa treni na kushuka West Farms Square, unaingilia lango la Asia upande wa kusini, unazunguka mpaka miguu inauma, unarudi ulikotoka. Lango la Rainey liko kaskazini, Fordham Road. Mimi nililiendea makusudi, asubuhi, nikalitazama nikiwa nje kwanza. Kulitazama ni bure, jambo adimu katika jiji lile.

Ni kazi ya Paul Manship, huyohuyo wa sanamu ya dhahabu ya Prometheus pale Rockefeller Center. Zote mbili ni za mwaka 1934. Nguzo na milango imesubiwa kwa umbo la miti, matawi na majani yamepangwa kwa ulinganifu, na humo ndani wamo wanyama: simba ameketi juu kabisa katikati, kisha nyani, kulungu, dubu. Kilichonivutia zaidi ni kwamba Manship hakujisumbua na manyoya. Wapo wachongaji wanaokwaruza kila unywele wakidhani ndio uhai wenyewe, ukimaliza kutazama umechoka. Hapa mgongo ni mstari mmoja mrefu, misuli ni ile ya lazima tu, na bado hakuna atakayeuliza huyu ni mnyama gani. Dubu hasa, nilisimama chini yao mpaka shingo ikakakamaa.

Rangi ni ya kijani. Si uchafu: shaba ikikaa kwenye mvua na hewa miaka mingi hujivika utandu huo, nao huikinga iliyo chini yake. Kasoro ni kwamba majani ya miti yakiwa mengi, unatazama kijani juu ya kijani, na wanyama wadogo wanapotea. Nendeni wakati wa baridi, miti ikiwa mitupu. Picha zitatoka vizuri zaidi, ingawa vidole vitaganda.

Sasa hiyo nyota ya tano. Paul Rainey alikuwa tajiri wa Marekani aliyekuja Kenya, enzi hizo ikiitwa British East Africa, akawa anawinda simba kwa mbwa aliowaleta kutoka Mississippi. Alikuwa na shamba Naivasha. Filamu ya mawindo yake ilioneshwa mwaka 1912 na watu wakafurika kuitazama. Alipofariki mwaka 1923, dada yake, Grace Rainey Rogers, akaamua kumwekea kumbukumbu, ndiyo lango hili. Kwa hiyo simba yule wa juu anamtunzia jina mtu aliyewafungulia mbwa simba wenzake! Najua watanijibu kwamba Rainey aliiletea bustani wanyama hai pia, akiwemo dubu mweupe Silver King aliyemkamata Aktiki mwaka 1910. Sawa. Lakini kwa sisi ambao simba hao walikuwa wa kwetu, jina hilo halipiti kooni kirahisi. Kazi ya mikono naisifu, heshima kwa mwindaji sitoi.

Wenye watoto wadogo wajue kwamba wanyama wazuri zaidi wako juu mno, hawagusiki, na mtoto atachoka kabla yenu. Dawa ipo: Central Park, kwenye mlango wa uwanja wa michezo ya watoto wa mtaa wa 79, kusini kidogo ya jumba la makumbusho la Metropolitan, kuna dubu watatu wa Manship waliowekwa mwaka 1990. Wako chini, wakubwa, na kila mtoto anayepita huwapapasa. Anzeni huko, Bronx ifuate siku nyingine.