CV yangu imetengenezwa steshenari ya Nyegezi
Nimebakiza mtihani mmoja nimalize chuo, nikaingia steshenari moja karibu na stendi ya Nyegezi, Mwanza, kutengeneza CV. Dada wa pale hakukimbilia kompyuta. "Mdogo wangu, fildi ulifanya nini hasa?" Nikamjibu nilisaidia ofisini. Akacheka. Alinihoji karibu saa nzima mpaka yakatoka: kuandaa hati za malipo, kuhesabu magunia ya dagaa sokoni Mwaloni Kirumba, kutuliza wateja wenye hasira (hilo nalo ni kazi!). Akanifungulia na akaunti ya Ajira Portal, ule mfumo wa mtandaoni wa kuomba kazi serikalini. Nenda na namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa), na vyeti uwe umeshapeleka kwa wakili vikagongwa muhuri. Nililipa elfu tano. Printa ilikwama mara mbili, na Jumamosi foleni haifai.