Uzoefu wangu na vijiti vya kupima rangi ya risasi, plus fundi tuliyempata

Tupo Buffalo, New York, nyumba tuliyonunua ilijengwa 1926, na huku nyumba yoyote ya kabla ya 1978 we chukulia tu ina rangi ya risasi (yenye madini ya risasi, lead, ambayo ni sumu kwa watoto), maana ndo mwaka waliyoipiga marufuku kwenye nyumba za watu. Mi nilikuwa nalijua hilo juu juu mpaka siku nimeingia sebuleni namkuta mwanangu wa miaka miwili kasimama dirishani analamba kizingiti, na ile rangi ina kautamu, ukimkataza anarudi.

Nikanunua vijiti duka la vifaa vya ujenzi, dola 10 viwili. Unavibonyeza pale penye alama vipasuke kwa ndani, unatikisa, unasugua ukutani sekunde 30, kikiwa chekundu ujue ipo. Cha kwanza nikakiharibu, nimesugua rangi ya juu ambayo ni mpya, hakikubadilika, nikashangilia bure. Cha pili nikaichana kwanza rangi kwa wembe mpaka nikafika kwenye mbao, ohoo, kimekuwa chekundu kama nimekichovya kwenye Vimto. Nampigia mama Tanga namwambia nyumba ina risasi, anauliza wamempiga nani, ilibidi nianze upya.

Kwa hiyo vijiti nyota 3, vinakwambia ipo au haipo basi, kiasi gani havisemi.

Damu ya mtoto ikatoka 4.1 (mikrogramu za risasi kwa desilita ya damu), na huku kuanzia 3.5 wanahesabu iko juu kuliko ya watoto wengi. Daktari akasema tatizo kubwa ni madirisha, yale ya kupandisha na kushusha, kila ukifungua mbao zinasagana vumbi linadondoka pale pale mtoto anapochezea. Tukayafunga kwa tepu, tukaacha kufagia kabisa, ni kudeki na kitambaa kibichi tu.

Fundi wa kwanza simtaji, kaja na mashine ya msasa mkononi, kavu kavu, anasema saa nne asubuhi kamaliza. Nikamrudisha hapo hapo mlangoni. Yaani hilo vumbi angelitawanya mpaka kwenye magodoro.

Wa pili ana cheti cha serikali cha kazi hizi (ombeni mkione, msione haya). Huyu nyota 4. Katandika plastiki chini nzima, kaziba mlango kwa plastiki na tepu, anapuliza maji ndo anakwangua, hachomi rangi kwa moto, vumbi anafyonza na ile mashine yenye filta ya HEPA (inanasa hata vumbi jembamba sana), siyo ya kawaida ya nyumbani. Mwisho anafuta sakafu na kitambaa cheupe kibichi halafu anakilinganisha na kadi, kikiwa cheusi kuliko kadi anarudia, na chumba cha mtoto alirudia mara mbili bila kuambiwa. Dola 1,900 madirisha manne, iliuma. Nyota moja nimemkata sababu alichelewa siku mbili tukiwa tumeshahamia kwa shemeji na mabegi, na tepu yake ilitoka na rangi mpya ya mlango wa jikoni.

Miezi mitatu baadaye damu ikasoma 3.2. Milango ya ghorofani bado, tunasubiri hela ya kodi ya mapato irudi, kwa sasa dogo haruhusiwi kupanda huko peke yake.