Jiko la gesi la mtumba kutoka Uingereza: masizi wiki tatu, nozo dakika arobaini

Nililinunua mwezi wa tatu, laki tatu na nusu, kwenye duka la vitu vya mtumba hapa Dar. Pleti nne, oveni chini, grili katikati, mlango wa kioo kizito ambao majiko mapya ya bei hiyo hayana. Muuzaji aliliwasha mbele yangu, moto ukatoka, nikaridhika. Kosa langu la kwanza ni hilo: niliangalia kama moto unatoka, sikuangalia unatoka wa rangi gani.

Nyumbani nikaunga mtungi wa kilo 15, nikabandika maharage. Mwali ukapanda mrefu, wa njano, unacheza kama wa kibatari. Nilipoepua, kitako cha sufuria kilikuwa cheusi ti, kama nimepikia kuni. Nikasugua kwa majivu, nikabandika wali. Vilevile. Wiki ya kwanza nilijipa moyo kwamba ni vumbi la kontena, litaungua liishe.

Halikuisha. Harufu ya kukwaruza kooni ilibaki jikoni, na kichwa kilinigonga kila nikipika muda mrefu madirisha yakiwa yamefungwa. Baadaye ndiyo nikaelewa: gesi isiyopata hewa ya kutosha haiungui yote, inaacha masizi na kaboni monoksidi, na hiyo ya pili huioni wala huinusi. Kwa hiyo mwenye mwali wa njano nyumbani, kabla ya kuendelea kusoma, nenda kafungue dirisha.

Fundi wa kwanza alikaa dakika kumi. Akasema, "Dada, regulata hii imechoka." Mpya elfu ishirini, ufundi elfu tano. Mwali ukabaki njano. Akasema basi gesi yenyewe ni chafu, nibadilishe kampuni. Jirani yangu anajaza mtungi dukani hapohapo na moto wake ni bluu kama sare ya shule, lakini sikubishana naye.

Fundi wa pili ndiye aliyenimaliza. Alifungua vichwa vya moto, akachomoa sindano mfukoni, akaanza kuchokonoa nozo, vile vipande vidogo vyenye tundu la kutolea gesi, moja moja. "Zimeziba, dada, ndiyo maana." Sasa fikiri: moto unapaa hadi unataka kushika pazia, halafu mtu anakwambia gesi imeziba. Gesi ikiziba moto unakuwa mdogo! Hilo nililiwaza alipokwisha kuondoka na elfu kumi na tano yangu. Nozo ni ya shaba, laini, na sindano ni chuma. Ukiichokonoa unapanua tundu. Jioni ile pleti kubwa ilitoa mwali uliolamba mpini wa kikaango mpaka ukayeyuka upande mmoja. Nikazima, nikafunga mtungi, nikarudi kwenye mkaa siku nne.

Shoga yangu anayeoka keki ndiye aliyenipa fundi wake, mzee mmoja wa Temeke. Nimeandika haya yote kwa ajili ya mzee huyu, maana yeye hakuanza na spana, alianza na swali.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Jiko hili limetoka wapi?"

Nikamwambia Uingereza. Akacheka kidogo, akalivuta mbele, akamulika nyuma kwa simu. Kuna stika ya fedha pale ambayo mimi, muuzaji na mafundi wawili hatukuwahi kuisoma. Imeandikwa G20, 20 mbar, yaani aina ya gesi na msukumo wake. Akanieleza taratibu, kama anafundisha mtoto. G20 ni gesi asilia, ile ya bomba, ambayo Uingereza inaingia majumbani kama maji yanavyoingia. Gesi yetu ya mitungi ni nyingine, propani na butani, na kwenye stika huandikwa G30 au G31. Kwa ujazo uleule, ya mtungi ina joto zaidi ya mara mbili ya ile ya bomba, na regulata zetu huitoa kwa msukumo mkubwa zaidi, kwenye 30 mbar hivi. Kwa hiyo jiko la bomba lina nozo zenye matundu makubwa. Ukiliunga kwenye mtungi, gesi inamwagika kuliko hewa inayovutwa pale chini ya kichwa. Ndiyo njano, ndiyo masizi. Jiko halikuwa bovu hata kidogo. Ningekuwa nakaa kwenye zile nyumba za Mikocheni zilizounganishwa na gesi asilia ya kwetu wenyewe, pengine lingefaa kama lilivyo.

Akafungua nozo kwa spana namba 7. Ubavuni mwa kila moja kuna namba ndogo mno. Mzee alivaa miwani na bado akanipa mimi nisome. Kubwa 115, za kati mbili 97, ndogo 72. Namba hizo ni upana wa tundu kwa sehemu za mia za milimita, yaani 97 ni milimita 0.97. Za mtungi kwa jiko kama hili, alisema, ni 85, 65, 65 na 50. Ukiziweka kiganjani pamoja tofauti unaiona kwa macho, huhitaji kipimo.

Alinituma Kariakoo na zile za zamani kwenye mfuko wa plastiki, kwa sababu meno ya skrubu hutofautiana jiko na jiko, ukienda mikono mitupu utarudi mara tatu. Duka la kwanza hawakuwa nazo, la pili muuzaji aliuliza tu, "Za mtungi?" akamwaga kopo zima la nozo kwenye kaunta. Elfu tano kila moja. Nikapata nne za juu na moja ya oveni. Ya grili hakuna, na mpaka leo hakuna.

Kufunga kulichukua kama dakika arobaini, na sehemu kubwa ya muda huo haikuwa nozo. Kwanza, kila swichi ya kuzungusha ukiivua kuna kijiskrubu ndani kinachopanga moto mdogo kabisa. Kwa gesi ya mtungi kinakazwa mpaka mwisho. Kisipokazwa, ukisema unapunguza moto wa wali, unaungua. Pili, alipaka povu la sabuni kwenye kila kiungo, na pale mpira unapoingia nyuma ya jiko mapovu yakaanza kuota. Muuzaji alikuwa amefunga kwa tepu nyeupe nyembamba ya mabomba ya maji. Mzee akaifumua, akaweka ile nene ya njano ya gesi, akabadilisha na klampu. Wiki tatu nilikuwa nalala na uvujaji huo, na gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, inatambaa sakafuni, haipandi ikatokea dirishani. Siku hizi nafunga mtungi kila usiku.

Tatu, oveni. Hiyo ilikuwa na ugonjwa wake: inawaka, ukiachia swichi inazima. Nilishaambiwa na fundi wa kwanza kwamba oveni "imekufa". Kumbe kuna kijiti cha shaba kinachokaa ndani ya mwali. Kikipata moto kinatoa umeme kidogo sana, wa kushikilia kizibo cha gesi kisijifunge. Moto ukizimika kwa upepo kijiti kinapoa, gesi inakatika. Ni ulinzi. Changu kilikuwa kimevikwa masizi ya ule mwali wa njano, joto halifiki. Mzee alikipiga msasa laini, akakaza nati yake kwa nyuma, akaniambia nikishawasha nibonyeze swichi nihesabu mpaka kumi na tano ndiyo niachie. Ikashika. Hakuuza kifaa chochote hapo, na angetaka angeniuzia, ningejuaje?

Malipo yake elfu thelathini. Nilimwongezea.

Huu ni mwezi wa pili tangu mzee alitengeneze. Moto ni bluu, mfupi, na ncha za njano huziona tu chumvi ikimwagikia. Sufuria hazisuguliwi tena. Mtungi niliokuwa namaliza kwa wiki tatu na siku sasa uko wiki ya saba na bado una uzito ukiuinua. Oveni inaoka sawasawa isipokuwa kona ya nyuma kulia, ambako mkate huwahi kubadilika rangi, nadhani ndivyo ilivyozaliwa.

Jiko nalipatia nyota nne kati ya tano. Muuzaji nilimrudia kumweleza habari ya stika, akaniambia wateja wengine hawalalamiki. Alikuwa na mengine matatu pale, nikayamulika kwa nyuma: mawili G20. Ukienda kununua la mtumba, ingia na tochi, na kama ni G20 piga hesabu ya nozo na fundi ndani ya bei, ama uondoke.

Nyota moja imekatwa na grili. Mzee alikataa nisiiwashe na nozo yake ya zamani, akaziba njia yake na akavua swichi ili mtoto asije akaizungusha. Iko kwenye droo, pamoja na vijiko.