Kutembea msitu wa Kakamega na mama ako na magoti: Isecheno, Lirhanda mpaka Ilesi

Nimekaa na hii kitu karibu wiki tatu nikisema nitaandika kesho, wacha niandike leo kabla nisahau vile ilikuwa. Hii ni ya wale mko na mzazi anapenda kutembea lakini hawezi mambo ya kukimbizwa.

Mama yangu ametoka Ahero, amezoea ardhi tambarare, na magoti yanamsumbua miaka mingi. Mwaka jana tulienda matembezi na kampuni moja ya hapa Kisumu, sitaitaja, walituacha nyuma kabisa, yaani tukifika mahali wamepumzika wao ndio wanainuka wanaondoka, mpaka mama akaniambia nisimwite tena mambo ya kutembea. Iliniuma sana. Kwa hivyo hii ya Kakamega nilimbembeleza karibu mwezi mzima, nikamwambia mama hii ni mimi na wewe na muongozaji mmoja, ukichoka tunarudi.

Tukapanda matatu ya Kakamega asubuhi Jumamosi, tukashuka Khayega, na hapo tu kabla hata ya msitu tukakutana na fahali anapelekwa kupigana, watu wamemzunguka wanakimbia na ngoma za isukuti, hiyo ngoma ya Waisukha na Waidakho ambayo UNESCO waliiweka kwa orodha yao 2014. Mama alisimama kando ya barabara akapiga makofi mpaka wakapita. Kutoka hapo ni boda kupitia Shinyalu mpaka Isecheno, pale tunaingilia msitu. Uliza bei kabla ya kukaa, wetu alitaka kuongeza tukishafika, lakini barabara yenyewe ni nzuri kwa macho, unapita majani chai ya Nyayo yamepandwa ukingoni mwa msitu, yaliwekwa hapo miaka ya 1980 yawe kama ukuta watu wasiendelee kukata miti kuingia ndani, halafu ghafla chai inaisha na miti inakufunika na joto linashuka.

Sasa muongozaji. Huyu kijana ndiye sababu naandika. Alitusalimia mulembe, akamshika mama mkono, na kabla ya kuuliza tunataka kuona nini akauliza, "Mama, magoti yako yakoje kwa mteremko?" Alijua aje? Ameona tu venye alishuka kwa boda. Akasema basi tutaacha ile njia ya kupanda mara moja, tupite ya chini, ni ndefu kidogo lakini ni sawasawa. Hakuongeza bei. Akakata fimbo kutoka kwa mpera ulioanguka, akampatia, na safari yote mama ndiye alitembea mbele, sisi tukafuata spidi yake.

Na ukienda pole hivyo msitu unakuwa mwingine. Nilishawahi kupita Isecheno na wanafunzi wenzangu zamani, tulitembea mbio, sikumbuki chochote ila matope. Safari hii tulikaa karibu nusu saa kwa mti mmoja tu wa mgumo. Alituelezea ndege hula tunda lake, anaacha mbegu juu kwa tawi la mti mwingine, mbegu inaota huko huko juu na kuteremsha mizizi mpaka chini, mizizi inashikana inanenepa, inaukaba ule mti wa kwanza mpaka unakufa na kuoza, ndio maana ukiingiza kichwa ndani unaona ni wazi kama bomba mpaka juu kabisa. Mama aliingia ndani, akaweka mikono kwa pande zote mbili, akanyamaza. Sikumuuliza anafikiria nini.

Kuna mwiritsa pia, ule mti maganda yake yanatengenezwa dawa ya tezi dume, na tulioonyeshwa ulikuwa umechunwa zamani ukabaki na kovu refu, anasema ukichuna kuzunguka mti wote unakufa. Na mukombero, ile mizizi watu huuza mjini, alimpatia mama kipande akatafuna, chungu kwanza halafu tamu. Kwa kijito tulikuta vipepeo wengi wamekaa kwa matope wanafyonza chumvi, ukipita wanainuka wote pamoja halafu wanarudi pale pale. Tulipita wamama wamebeba kuni, muongozaji akatueleza upande huu wa kusini uko chini ya idara ya misitu na kuokota kuni kunaruhusiwa kwa kibali, lakini upande wa kaskazini, Buyangu, uko chini ya KWS, shirika la wanyamapori, huko hapana.

Tulipofika chini ya kilima cha Lirhanda mama akasema yeye hapandi. Muongozaji akamtafutia mahali pazuri pa kukaa, akaita jamaa mwenzake wa huko akae naye, na sisi wawili tukapanda. Juu ni pazuri sana, unaona msitu wote umelala kama blanketi, na ndio huu pekee wa mvua wa aina hiyo Kenya, kipande kilichobaki cha ule msitu mkubwa uliotoka Kongo. Kuna pia shimo la zamani la dhahabu sasa limejaa popo, la wakati ule watu walikimbilia Kakamega kutafuta dhahabu miaka ya 1930. Nilipiga picha nyingi nikashuka nikiwa na haraka ya kumwonyesha mama.

Nikampata ametulia ananyooshea kidole juu. Mbega, familia nzima, juu yake kabisa, na mtoto mmoja bado mweupe wote. Walikuwa wamefika tukiwa juu, na hondohondo wawili walipita pia, mabawa yanavuma kama mtu anapepeta mchele. Mimi kule juu sikuona mnyama hata mmoja isipokuwa popo. Alinielezea kila kitu vile kilifanyika, nani aliruka kutoka wapi, nikasahau hata kutoa simu.

Mambo ya kujua. Vaa raba zenye meno ama gambuti, mvua ya mchana huko ni kawaida hata miezi ya kiangazi, na ingiza suruali ndani ya soksi, siafu wapo. Nendeni asubuhi mapema ndio ndege wanasikika. Mahali tulilala, sitataja, chakula cha jioni kilikuja saa tatu usiku kikiwa baridi, na mtu wa umri wa mama yangu huwezi kumkalisha hivyo, niliwaambia wakaomba msamaha tu.

Jumapili tukarudi polepole, tukashuka Ilesi kuona lile jiwe linalolia, maji yanateremka kwa uso wake kama machozi, tukaliangalia kutoka barabarani ikatosha. Muda mwingi tulikuwa kwa wamama wa nyungu. Mama alizigonga moja moja kwa kidole akisikiliza sauti, yule anauza akaona huyu ni mtu anajua, wakaanza kuongea mambo ya udongo na moto mmoja Kijaluo kidogo mwingine Kiluhya kidogo na Kiswahili katikati, nilikaa kwa jiwe nikawaacha karibu saa nzima.

Muongozaji nampatia tano kwa tano, na nimeshamwambia tunarudi Agosti, mama anataka kuona mto Yala. Ukinunua nyungu ifunge na leso vizuri kwa sababu barabara iko na matuta mengi. Yetu ilifika salama, mama aliipakata mpaka Kisumu.